Kosa Liko Wapi, Sehemu Zote Zikiwa Sawa?

Ukurasa wa wavuti unaochanganya maktaba mbili za vipengele vya kiolesura unapovurugika, huzuka swali kongwe la falsafa: ikiwa kila sehemu ni nzima na jumla yake ni mbovu, kosa limo katika nini?

Chukua kalenda ya kuchagulia tarehe kutoka maktaba moja, yenye upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande na mpaka wa pikseli 1. Kwa kawaida ya CSS, lugha ya mitindo iliyoidhinishwa mwaka 1996, zile 300 ni za yaliyomo peke yake. Sanduku zima huchukua 342. Safu saba za siku, kila moja pikseli 42, hutumia 294 na kuenea. Maktaba ya pili, Bootstrap, tangu toleo la 3 la mwaka 2013, huagiza kila kipengele kihesabu mpaka na nafasi ya ndani humo humo katika upana wake. Ikiingizwa hapo, siku hubakiwa na pikseli 258: sita zinatosha, ya saba inaangukia mstari wa chini. Hakuna aliyekosea kuandika msimbo.

Katika kitabu chake Metafizikia, Aristotle alieleza kwamba silabi si herufi zake tu. Namna zilivyounganishwa nayo ni kitu. Hitilafu hii imo katika muungano huo, ndiyo maana ukikagua kila maktaba peke yake huioni.

Fundi huisaka kwa njia ambayo mwanafalsafa John Stuart Mill aliiita ya tofauti, mwaka 1843: huondoa maktaba moja, na ukurasa ukitengemaa, hupunguza kanuni zake nusu kwa nusu hadi ibaki moja. Lakini kuiweka kalenda nyingine, iliyoandikwa kwa hesabu ya Bootstrap, nako kungeponya. Jaribio, kama mwanafizikia Pierre Duhem alivyoonya kuhusu fizikia mwaka 1906, hupima dhana nyingi kwa pamoja. Likishindwa, halitaji iliyokosea.

Kwa hiyo kujua chanzo si kujua wa kulaumiwa. Lawama huhitaji kipimo kingine: nani alivuka eneo lake, na nani alitegemea jambo bila kulitamka? Bootstrap iliamuru vipengele visivyo vyake, ingawa hati zake zilitahadharisha kwamba hesabu hiyo hugongana na baadhi ya programu za nje, ikiwamo Google Maps. Kalenda nayo ilitegemea kawaida ya CSS kimyakimya. Aliyeziunganisha ndiye pekee aliyeziona zote mbili, hivyo wajibu wa kuzipatanisha ni wake, hata kama hakuandika hata moja.

Dawa ni mstari mmoja unaoitajia kalenda na vilivyomo ndani yake hesabu ya upana inayotumika. Mstari huo hausahihishi uongo wowote. Unatamka sharti ambalo hapo awali halikuhitaji kutamkwa.