Fidia na Bei

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kijiji chetu aligombana na mwenziwe, akampiga kwa fimbo hata akampofua jicho. Usiku wa pili yake baba wa yule kijana alikwenda nyumbani kwa mama wa aliyeumizwa, akaweka fedha juu ya meza, akasema, "Mama, pokea hizi, na neno hili lisisikike tena." Yule mama akazitazama, akajibu, "Chukua fedha zako, baba. Jicho la mwanangu haliuzwi." Sisi tuliposikia habari hii tulimsifu sana.

Siku ya nne yule baba alirudi. Safari hii alikuja mchana, naye alifuatana na mwanawe na wazee wawili. Kijana akasimama mbele ya watu, akaeleza alilolitenda, asifiche neno. Kisha babaye akaweka juu ya meza ileile fedha zilezile, wala hakuongeza hata shilingi moja. Mama akazipokea. Hapo baadhi yetu tuliomsifu tukaanza kunong'ona, tukisema, "Kumbe ilikuwa ni kungoja tu, mwisho ameuza."

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno hili. Fedha zilikuwa zilezile na jicho lilikuwa lilelile. Ni kitu gani basi kilichobadilika hata mama akazipokea mchana zile alizozikataa usiku? Wala swali hili si la kijiji kimoja. Mataifa nayo yanaulizana vivyo hivyo: mtu aliyeteswa na serikali, je, yafaa alipwe fedha? Na akilipwa, je, ameuza mateso yake? Tumeona vema tulitazame kwa kisa kimoja kilichotokea Kenya, maana mambo yake yanajulikana.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 Serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na hali hiyo haikuondolewa hata Januari 1960. Katika miaka hiyo maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walifungwa katika kambi za kizuizini pasipo kuhukumiwa na mahakama yo yote. Katika kambi hizo wengi walipigwa. Wanaume wengine walihasiwa, na wanawake walitendewa mambo ambayo kalamu yetu yaona haya kuyaandika. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliokataa kufanya kazi walipigwa na walinzi hata wakafa. Na habari ya kwanza iliyotolewa na wakubwa ilisema kwamba wamekufa kwa kunywa maji. Angalieni jambo hili: dhambi ya kwanza ilikuwa ni fimbo, na ya pili ilikuwa ni uongo.

Miaka hamsini ilipita. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Serikali ilijibu kwanza kwamba deni hilo, kama lipo, lilihamia Serikali ya Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Haya ni maneno ya ajabu, kwa kuwa maana yake ni kwamba aliyepigwa ajilipe mwenyewe kwa kodi yake. Mwezi wa Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi kwa sababu hiyo. Serikali ikasema tena kwamba muda umepita mno, mashahidi wamekufa na ukweli hauwezi kujulikana. Lakini katika mwaka ule wa 2011 ilijulikana kwamba majalada mengi ya Serikali ya kikoloni yalichukuliwa kutoka Kenya wakati wa uhuru, yakafichwa Uingereza, na ndani yake yaliandikwa mengi ya kambini. Mwezi wa Oktoba 2012 jaji yule akaamua kwamba kesi iendelee. Mmoja wa wale watano alikuwa amekwisha kufariki.

Ndipo tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliposimama Bungeni London, akakiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akasema Serikali yake inasikitika kwa moyo. Akatangaza malipo kwa watu 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Walakini alisema pia kwamba Serikali yake haikubali kuwa sheria inaidai kwa matendo ya utawala ule.

Habari hiyo ilipoenea watu waligawanyika. Wa kwanza walisema, "Ni fedha kidogo, ni matusi." Nao wana neno. Ukizigawa fedha zile zote sawasawa kwa watu wale, hata pasipo kutoa gharama za kesi, kila mmoja hapati pauni 4,000. Ni nani awezaye kumwambia mtu aliyehasiwa kwamba watoto aliowakosa wana thamani hiyo? Lakini tukiuliza hivi, je, tukiambiwa pauni 40,000 tutaridhika? Au milioni nne? Mwanadamu hana kiasi cha fedha kinachomtosha. Kwa desturi ya zamani Wakikuyu walitoza mbuzi 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 30 kwa mwanamke. Tukiihesabu desturi hiyo kuwa bei, yatubidi tuseme kwamba mama mzazi hafiki hata theluthi ya mwanamume, na hapana mtu mwenye mama atakayekubali. Kumbe palipo na bei ya mtu, kosa limekwisha kuingia. Fidia haiwezi kuwa bei, maana kitu hakiwezi kununuliwa kisichoweza kuuzwa.

Basi fidia ni nini? Torati imeliweka neno hili kwa utaratibu. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, aliyemkosea mwenziwe anaagizwa kwanza aungame dhambi aliyoifanya. Kisha arudishe kwa utimilifu, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kuungama hutangulia na malipo hufuata, tena ni amri moja, si mbili za kuchagua. Zakayo naye hakusema tu kwamba amejuta. Alisimama mbele ya watu akataja kiasi, kwamba atarudisha mara nne. Lakini Yuda alipozileta tena fedha zake, makuhani hawakutaka kusikia maungamo yake. Walishughulika na fedha tu, wasijue waziweke wapi, hata wakanunua shamba la kuzikia wageni. Fedha za Zakayo zilileta furaha nyumbani, na zile za Yuda zilinunua makaburi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetaka kuusema ukweli wa zile za Yuda.

Kwa hiyo twaona kwamba fidia ni ungamo lenye uzito. Maneno matupu ni mepesi, kila mtu aweza kuyasema na kwenda zake. Lakini atoaye mali yake ameonyesha kwamba maneno yake yamemgharimu. Na mali isiyo na maneno ni hatari zaidi, maana hiyo hununua kimya. Yule baba aliyekuja usiku hakutaka kulipa jicho. Alitaka kununua ulimi wa mama. Mama alilijua jambo hilo kabla yetu.

Wa pili walisema, "Mkristo husamehe, mbona wazee hawa waende mahakamani kudai fedha?" Neno hili husemwa na watu wema, nasi tuliwahi kulisema. Lakini tuangalie ni nani anayelisema, na kwa nani. Kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, na kulipa ni kazi ya aliyekosa. Mmoja asimfanyie mwenziwe kazi yake. Mwizi wa ng'ombe hawezi kumhubiria mwenye ng'ombe habari za msamaha, na huku ng'ombe yu zizini mwake. Mzee aweza kumsamehe mlinzi aliyempiga, akalala usingizi bila chuki, na bado mguu wake mbovu wahitaji dawa, na shamba lililonyang'anywa alipokuwa kizuizini halikurudi kwa sala yake. Msamaha huondoa chuki moyoni. Hauondoi deni mabegani mwa mdeni.

Wa tatu walisema, "Waingereza waliolipa mwaka 2013 wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku za kambi. Kwa nini mjukuu alipe?" Jibu letu ni kwamba mtu hufa, lakini serikali haifi. Serikali hurithi majumba, heshima na mali za waliotangulia. Haiwezi kurithi mali na kuyakataa madeni.

Na wa nne waliuliza kwa uchungu, "Je, waliouawa na Mau Mau wenyewe?" Nao ni haki kuuliza. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, watu wengi, wanawake na watoto miongoni mwao, waliuawa na nyumba zao zikachomwa. Tena wako Wakristo waliokufa kwa sababu walikataa kula kiapo. Hatuwezi kuwasahau ndugu hao. Lakini kwa mauaji ya Lari watu wengi walishtakiwa na kunyongwa. Kwa vifo vya Hola hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji. Machozi ya Lari hayafuti ya Hola, wala ya Hola hayafuti ya Lari. Kila mwenye kosa na ajibu kwa la kwake.

Tena fidia hufunua neno jingine: huonyesha ni nani anayehesabiwa kuwa mtu aliyepata hasara. Bunge la Uingereza lilipoukomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20, nazo zilikwenda kwa mabwana; watumwa hawakupewa kitu. Ndivyo ilivyokuwa hata Unguja, Sultani Hamoud alipotoa amri yake ya mwezi wa Aprili 1897: bwana ambaye mtumwa wake aliachwa huru aliweza kupewa fidia, na mtumwa hakulipwa kwa miaka yake ya kulima mikarafuu. Torati ya Musa ilisema kwamba bwana akimpofua mtumwa wake jicho, lazima amwache huru kwa ajili ya jicho lake. Hawa waliligeuza neno lile juu chini: uhuru wa mtumwa ukawa hasara ya bwana, na bwana ndiye aliyelipwa. Kwa hiyo wale wazee wa Kenya walipolipwa mwaka 2013, jambo kubwa halikuwa hesabu ya fedha. Jambo kubwa ni kwamba waliopigwa ndio walioandikwa majina.

Je, malipo yale yalikuwa ya mchana au ya usiku? Twasema kwa haki kwamba yalikuwa ya mchana, maana yalitangazwa Bungeni mbele ya dunia, na mwezi wa Septemba 2015 ukumbusho wa walioteswa ulifunuliwa Nairobi, katika bustani ya Uhuru, kwa fedha za Serikali ya Uingereza. Walakini aliyekuja alisimama mlangoni, asiingie ndani, kwa kuwa alikiri mateso na kukataa deni. Na wengine zaidi ya 40,000 walipofika baadaye na madai yao, mahakama ya London iliwakatalia mwaka 2018, kwa sababu muda ulikuwa umepita. Hakika fidia ni kama dawa: ikicheleweshwa sana, mgonjwa huzikwa nayo ikiwa chupani.

Wala tusifurahie kuwanyoshea vidole watu wa mbali. Baada ya uhuru Wakenya waliteswa na Wakenya wenzao katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House, Nairobi, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru baadhi yao walipwe na Serikali yao. Fimbo haina rangi ya ngozi.

Tumrudie yule mama. Siku moja tulimwendea, tukamwuliza kwa haya kwa nini alizipokea fedha zile. Akasema, "Mwalimu, usiku ule mtu yule alitaka mwanangu awe amejiumiza mwenyewe. Mchana ule watu wote walijua aliyemwumiza. Fedha nilizipeleka hospitali. Lakini nilichopokea hasa ni lile neno." Tukarudi nyumbani kimya, maana tulikuwa tumemsengenya.

Basi, ndugu wasomaji, twawasihi. Aliyeumizwa na mwenye nguvu akipewa fidia, msimwite mwuza damu. Na wewe uliyemkosea mwenzio, uwe mkubwa wa serikali au mzee wa kanisa au mwalimu wa shule, usimwendee usiku. Nenda mchana, useme ulilotenda, kisha ufungue mkoba wako, wala usiseme, "Sasa nisamehe, maana nimelipa." Msamaha ni wake, atautoa siku atakayopenda.