Rangi Juu ya Rangi

Mara nyingine watu huuliza: Je, mtu akiitia nguo yake kuukuu rangi nyingine, amefanya udanganyifu? Swali hili si dogo, nasi twapenda kulifikiri pamoja nanyi.

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe. Rangi mpya haiifuti ile ya zamani, bali huchanganyika nayo. Nguo ya manjano ikichovywa katika nili huwa ya kijani. Nyekundu ikitiwa buluu huwa ya zambarau. Nguo nyeusi haiwezi kufanywa nyeupe kwa rangi yo yote. Sharti rangi yake iondolewe kwanza kwa dawa kali, na dawa hiyo ikizidi hula nyuzi.

Basi, mama aichovyaye kanzu iliyopauka ili mtoto wake aivae tena, hakumdanganya mtu. Ametunza alicho nacho. Lakini mchuuzi aichovyaye nguo kama hiyo na kusema, “Hii ni mpya,” akatoza bei ya mpya, huyo ni mwivi. Mikono ya wote wawili imefanya kazi moja. Tofauti i katika neno lililonenwa sokoni.

Labda mtu atasema: “Mimi sikunena ni mpya, mnunuzi hakuuliza.” Twamjibu: Ukinyamaza ili mwenzio akosee, kunyamaza kwako ni neno. Hasa ikiwa mnunuzi ni maskini aliyeweka akiba siku nyingi. Nguo ikichanika upesi, hana ya pili.

Tena kilichofunikwa hakipotei. Huko Ulaya mafundi wa zamani walifuma mapazia mazito ya ukutani yenye picha za miti. Sufi za majani walizitia manjano na buluu, zikawa za kijani. Miaka mamia imepita, mwanga umeififisha ile manjano, na leo katika mengi ya mapazia hayo majani ya miti yaonekana ya buluu. Mafundi wale hawakukusudia hila; lakini kazi yao yatuonyesha ya kuwa rangi iliyofichwa yaweza kutokea tena.

Kwa hiyo tuchovye nguo zetu bila haya, na tukiziuza tuseme wazi: “Ni kuukuu, nimezitia rangi.” Bei itapungua, lakini mnunuzi atajua anunuacho, nasi hatutaogopa kukutana naye njiani.