Aliyedeki Wodi

Wiki hii nilikaa kwenye semina hapa Karatu, chai na sambusa mezani, nikamsikia mtoa mada akisema korona ilitufundisha kwamba sote tuko sawa, maana haikuchagua tajiri wala maskini. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi ni muuguzi, enzi zile nilikuwa zamu, na kauli ile imegoma kunitoka rohoni.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, hapo Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, na hata anga lilipofunguliwa tena Mei 18, wageni hawakurudi upesi. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Mji huu unakula kwa geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, kwa hiyo unajua njaa ilibisha hodi wapi kwanza. Magari ya safari yaliegeshwa uani mpaka matairi yakaisha upepo. Wapishi na wahudumu wa hoteli walishuka Mang'ola kupalilia vitunguu vya watu. Walinzi wakabaki kulinda vitanda visivyolaliwa. Huko juu hifadhini, mama wa Kimaasai alikaa na shanga zake bila mnunuzi, na kwa kuwa kulima ndani ya Ngorongoro hakuruhusiwi, kila kilo ya unga kwake ni ya kununua. Mimi mwenye mshahara wa serikali, ujumbe wa benki uliingia mwisho wa mwezi kama kawaida.

Sote sawa? Tulihubiri watu wanawe kwa maji tiririka na sabuni, vibuyu chirizi vikaning'inizwa kila mlango. Lakini anayenunua maji kwa dumu, yaliyoletwa na punda, hupiga hesabu kwanza: anawe, au abandike maharage?

Ninayemkumbuka kuliko wote ni dada wa usafi wa kituo nilikokuwa. Aliajiriwa na mzabuni, hana bima. Barakoa zilipoadimika tulipewa sisi kwanza. Yeye alikuwa na moja ya kitenge. Jioni anaifua kwa sabuni ya mche, anaianika kwenye waya karibu na kichomea taka, asubuhi anaivaa hata kama bado mbichi, na baridi ya Karatu mwezi wa sita si ya mchezo. Kisha anaingia alikolala mgonjwa anayehema kwa shida, anainama chini ya kitanda, anadeki, anatoka na ndoo. Mimi nilichoma sindano nikaondoka. Yeye ilibidi afike kila kona.

Utaniambia hata wakubwa walikufa. Ni kweli, na mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana. Utaniambia pia sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu, kila mtu alitoka kutafuta. Hilo nalishukuru sana, kufungiwa kungewamaliza wa kibarua. Ila kuruhusiwa kutoka si sawa na kukuta kazi huko nje, na kifo cha mkubwa hakimnunulii dada yule barakoa.

Najua kilichotubeba. Wenye maduka walikopesha mpaka madaftari yakajaa, vikoba vikasogeza marejesho, debe la mahindi likatoka kwa mkulima likaingia kwa mfanyakazi wa hoteli asiye na shamba. Naupenda ujirani huo. Nachelea tu tunavyousifu majukwaani, kwa sababu aliyekopesha naye alikuwa hana, na sifa zote hizo huwapa wenye wajibu nafasi ya kupumzika.

Magonjwa hayajaisha. Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini Machi 2023 iliua watu sita, mhudumu wa afya akiwamo. Januari 2025 ikazuka Biharamulo. Basi dada wa usafi aingie kwenye orodha ileile ya vifaa kinga niliyomo mimi, apate mkataba na bima sasa, kabla ya dharura. Wakubwa watajibu kuwa huyo ni wa mzabuni. Lakini mkataba wa mzabuni huandikwa ofisini kwao, na kipengele kimoja cha bima na barakoa kinaweza kuongezwa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai.