Malkia na Maneno ya Watu

Msomaji atashangaa kwamba mzee wa Heru Juu, aliyefundisha historia na kulima maharage maisha yake yote, anakaa kumwandika malkia wa Urusi aliyekufa mwaka 1796. Nitaeleza. Malkia huyo nilimsikia mara ya kwanza si darasani bali katika chumba cha walimu, miaka ya sabini, na nilichosikia hakikuwa historia. Mwalimu mwenzangu alitusimulia jinsi alivyokufa, kisa chenye farasi ndani yake, ambacho sitakirudia hapa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba kisa kile ni uongo mtupu. Catherine wa Pili alipatwa na kiharusi asubuhi moja ya Novemba katika jumba lake la Saint Petersburg. Watumishi walishindwa kumpandisha kitandani kwa uzito wake, wakamlaza kwenye godoro sakafuni, na kesho yake usiku akakata roho, akiwa na umri wa miaka 67. Kwa hiyo mwanamke ambaye dunia nzima imekizungumza kitanda chake hata kufia kitandani hakufia.

Nimejiuliza tangu hapo: mtawala anapokufa, maisha yake ya ndani ni mali ya nani? Na sisi tunaoyapokea na kuyasambaza tunafanya kazi gani hasa?

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1729 mjini Stettin, nchi ya Prussia, akaitwa Sophie. Baba yake alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme usio na mali nyingi. Mwaka 1744, akiwa na miaka 14 tu, alipelekwa Urusi kuposwa na mrithi wa kiti. Akabadilishiwa dini, akabadilishiwa jina, akajifunza lugha ngeni kwa bidii ya mtu anayejua kwamba hana pa kurudi. Wasomaji wangu wa kike walioolewa mbali na kwao wataelewa jambo hili kuliko mimi. Ndoa ilifungwa mwaka 1745 nayo haikuwa na furaha. Alipojifungua mtoto wa kiume, Paul, mwaka 1754, malkia aliyekuwapo wakati ule, Elizabeth, alimchukua yule mtoto palepale akamlea yeye. Mama akaachwa peke yake chumbani. Mwaka 1762, akisaidiwa na wanajeshi, alimpindua mumewe akakalia kiti mwenyewe. Siku chache baadaye mume aliuawa mikononi mwa watu wa upande wa mkewe, na hakuna aliyeadhibiwa. Hilo ni doa, wala silifuti.

Maishani mwake alikuwa na wapenzi, mmoja baada ya mwingine, wapatao 12 kwa hesabu ya wengi, katika muda wa miaka zaidi ya 40. Sisifu wala sitetei. Nasema tu kwamba Peter wa Kwanza, aliyemtangulia, alimfungia mke wake wa kwanza katika nyumba ya watawa, na mwanawe mwenyewe, Alexei, alikufa gerezani mwaka 1718 baada ya mateso ambayo baba aliyaidhinisha. Huyo tunamwita Peter Mkuu, na tukimtaja tunaanza na meli alizojenga. Catherine naye anaitwa Mkuu, lakini tukimtaja tunaanza na kitanda.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mimi nilizaliwa chini ya utawala wa mwanamke. Mwami Theresa Ntare alishika kiti cha Heru mwaka 1946, chini ya Waingereza, akakaa nacho hadi Serikali huru ilipofuta uchifu mwaka 1963. Watoto tuliona ni jambo la kawaida. Tulidhani kila nchi ina mwami wa kike. Nilipokua ndipo nilipogundua kwamba wageni wakifika Heru Juu kuuliza habari zake, swali la kwanza huwa: aliolewa na nani? Kwa mwami wa kiume sijasikia swali hilo likitangulia. Huulizwa alipigana na nani, aliamua kesi gani. Ziko habari nzito za kuulizwa za miaka ile, kama vile kodi, na wanaume wa Buha waliopanda magari kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wengine wasirudi. Maswali hayo ni halali kuulizwa kwa kila aliyekuwa na kiti wakati ule, awe mwanamume au mwanamke, mweusi au mweupe.

Rafiki yangu mmoja, padri mstaafu, alinipinga tulipozungumza haya. Alisema mtawala hana chumba cha ndani. Akifanya siri chumbani, nchi ndiyo inayolipa. Nilikaa na neno lake wiki nzima, kwani lina ukweli. Catherine aliwapa wapenzi wake zawadi, na zawadi hizo hazikuwa shanga. Alitoa mashamba pamoja na watu wake: wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, waliouzwa na kununuliwa. Maelfu kwa maelfu ya watu walilala wakiwa chini ya dola, wakaamka wakiwa mali ya kijana fulani aliyempendeza malkia. Kwa hiyo nilimrudia padri nikamwambia: Baba, umeshinda nusu. Mlango wa chumba unafunguka kwa haki pale mali ya watu inapopitia. Lakini basi tuhesabu vijiji, tusihesabu wanaume. Akacheka, akasema nusu aliyobakiza mimi ni kubwa kuliko yake.

Maana tazama mwaka 1767. Mwaka huo Catherine aliita wajumbe kutoka pande za dola yake waandike sheria mpya, akawaandalia mwongozo aliouandika mwenyewe, wenye maneno mazuri kuhusu haki na ubaya wa kutesa watu. Ulaya ilimshangilia. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, ikatoka amri kwamba mkulima wa bwana haruhusiwi kumshitaki bwana wake kwa malkia. Atakayethubutu atachapwa na kupelekwa Siberia kufanya kazi ngumu. Kalamu moja, mwaka mmoja. Miaka sita baadaye wakulima na Wakosaki waliinuka chini ya Pugachev, aliyejidai kuwa ndiye yule mume aliyeuawa, na vita hivyo vikamwaga damu nyingi hadi Pugachev alipouawa Moscow mwaka 1775.

Na ni mkono huohuo uliofungua shule ya wasichana ya Smolny mwaka 1764. Ni mwanamke huyohuyo aliyejitolea mwili wake mwaka 1768 kuchanjwa ndui na daktari Mwingereza, Thomas Dimsdale, wakati watu waliogopa chanjo hiyo, na kweli ilikuwa ya hatari. Mwaka 1765 alinunua maktaba ya mwanafalsafa Diderot aliyebanwa na fedha, kisha akamwachia vitabu avitumie na kumlipa mshahara wa kuvitunza. Mimi niliyeuza vitabu vyangu nipate ada ya mtoto, jambo hilo linanigusa kuliko vita vyake vyote.

Sasa, kwa nini watu wengi hawaijui amri ya 1767 na wanakijua kisa cha farasi? Nadhani najua, kwa sababu niliwahi kushiriki kosa la namna hiyo, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule moja ya vilima hivi, Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mwanamke asiye na mume. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ilikuwa na shamba. Yeye alikuwa na shamba lake pia, la maharage, na watoto walipalilia lile lake kuliko la shule, saa za masomo, wengine bila kula tangu jana. Sote tuliona. Hakuna aliyesema. Lakini uvumi ulipozuka kwamba anatembea na mtu fulani, tulisema wote, nami nikiwamo. Niliupeleka mwenyewe mpaka klabu ya pombe, nikiwaambia watu kwamba lisemwalo lipo. Wakubwa wakaja kuchunguza. Waliuliza habari ya mtu yule, wakakuta ni uongo. Mama yule akasafishwa, akahamishwa kwa heshima, na aliposafishwa kwa lile la uongo akawa amesafishwa na lile la kweli. Habari ya maharage haikuulizwa, maana nguvu zetu zote za kusema tulikuwa tumezimaliza kwenye kitanda chake.

Paul, yule mtoto aliyenyang'anywa mama siku aliyozaliwa, alipopata kiti alitunga mwaka 1797 sheria ya urithi iliyowafungia wanawake mlango maadamu yupo mrithi wa kiume. Tangu hapo Urusi haikutawaliwa tena na mwanamke.

Yule Mwalimu Mkuu nilikutana naye miaka mingi baadaye, stendi ya Kasulu, amezeeka, ameshika fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akanitambua mara moja. "Marahaba, mwalimu wangu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe nakukumbuka kwa wema. Walinisema wote pale, wewe peke yako hukuwa na mdomo."

Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia, la kumwomba msamaha na la kumuuliza juu ya wale watoto, na nikaona siwezi kulisema moja bila jingine. Gari lake lilikuwa likipiga honi. Nilimpandishia mzigo wake, nikamtakia safari njema.