Kizuri Chajiuza, Lakini Soko ni la Nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui walikuwa wakiuza nini siku hiyo, lakini naapa haukuwa wimbo wa kijana wa Kayole asiye na lebo. Wimbo haujiuzi. Hata uwe mtamu vipi, lazima kuna mtu aubebe mgongoni hadi kwenye sikio la mtu mwingine. Zamani River Road, mwenye duka la kanda aliweka spika mlangoni na mpita njia akasikia apende asipende. Baadaye zikaja nganya. Dijei akishaupakia wimbo wako kwenye flashi, gari la Umoja au Rongai likaupeleka mjini na kuurudisha mara sita kwa siku. Huyo mwenye duka na huyo dijei uliwajua kwa sura, na ukikosana nao ulijua pa kwenda kuomba msamaha.

Leo mbebaji ni programu iliyo ndani ya simu, na haina ofisi ya kwenda kupiga magoti. Kwa hivyo kila msanii wa kujitegemea anajitembeza, mzuri na mbaya, usiku na mchana. Swali ninalotaka tulichambue si la biashara. Ni hili: kuna kutembeza wimbo kwa haki na kuutembeza kwa uongo? Na kama kuna tofauti, mstari umechorwa wapi, ikiwa barabara yenyewe inahamishwa kila tunapoanza kuizoea?

Hiyo barabara si maneno tu. Kuna kizazi kizima cha wanamuziki kilichojenga jina kwenye MySpace. Mwaka 2019 ikajulikana kwamba muziki uliopakiwa huko kati ya 2003 na 2015 umepotea wakati wa kuhamisha seva. Ilikadiriwa ni nyimbo zaidi ya milioni 50, za wasanii wapatao milioni 14. Soma tena hiyo namba taratibu. Kuna watu humo ambao nakala pekee ya wimbo wao wa kwanza ilikuwa pale. Vine nayo ilitangaza Oktoba 2016 kwamba inafungwa, na Januari iliyofuata ikawa kwisha. Januari 2018 Facebook ikasema itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kurasa za wasanii zilizokuwa zimekusanya mashabiki kwa miaka zikaanza kuzungumza na ukuta, isipokuwa ulipie. Halafu mwaka 2024, kuanzia Februari hadi Mei, TikTok na Universal Music wakagombana, na nyimbo za kampuni hiyo zikazimwa kwenye video za watu.

Mpangaji wa Nairobi anaelewa haya bila kuelezwa. Mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi, kukata maji, au kukuwekea kufuli siku ya tarehe tano. Tofauti ni kwamba ukihama Pipeline kwenda Zimmerman, godoro unabeba. Wafuasi elfu ishirini wa jukwaa moja huwezi kuwafunga kwenye mkokoteni. Unafika kwa mwenye nyumba mpya ukiwa sifuri, na yeye anataka ucheze.

Sasa, nina rafiki anayerapu. Mwaka fulani alitoa wimbo, akakaa wiki tatu akiutazama ukikwama kwenye watazamaji mia nane. Akanunua namba. Kuna watu wanaziuza waziwazi, unatuma pesa kwa M-Pesa na asubuhi wimbo una laki mbili. Nilipomuuliza kama haoni ni uongo, akanijibu kwa utulivu ambao bado unanisumbua: "Manze, mi sijadanganya mtu. Wimbo ni wangu, sauti ni yangu. Nimenunua tu mlango."

Hoja yake ina uzito, na sipendi watu wanaoipuuza. Anasema hakuna aliyewahi kuingia bure. Wenye pesa hununua mabango Thika Road na hakuna anayewaita waongo. Wasanii wa hapa wamelalamika miaka nenda rudi kwamba bila kumtoa mtangazaji chai, wimbo haupigwi. Kwa nini basi maadili yaanze kuhesabiwa mlangoni kwa maskini? Na vizingiti vipo vya kweli, si vya kufikirika. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 kabla haijakugawia pesa za matangazo, na kwa video za kawaida inataka pia saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Ukimwekea mtu ukuta mlangoni, usishangae akija na ngazi.

Hata hivyo nadhani amekosea, na kosa lenyewe haliko kwenye pesa.

Bango la barabarani linasema: nisikilizeni. Kila anayelipita anajua limelipiwa, kwa hivyo halimdanganyi mtu. Namba iliyo chini ya video inasema kitu kingine kabisa. Inasema: watu laki mbili wenzako wamesikiliza. Huo ni ushahidi. Mimi nikibonyeza kwa sababu ya ile namba, nimeamini neno la watu laki mbili, na watu hao hawapo. Kulipia usikike ni tangazo. Kulipia uonekane umeshapendwa ni kumleta shahidi wa uongo kortini. Rafiki yangu alidhani amenunua mlango, kumbe alinunua umati.

Wamarekani walilipitia jambo hili kabla yetu, enzi za redio. Mwaka 1959 na 1960 bunge lao lilichunguza watangazaji waliokuwa wakilipwa kupiga nyimbo. Alan Freed, mmoja wa watangazaji waliolitangaza sana jina la rock and roll, aliishia kukiri makosa ya hongo mwaka 1962. Lakini kinachonivutia ni sheria iliyotungwa 1960. Haikukataza kulipia wimbo upigwe. Ilidai msikilizaji aambiwe. Ukishaambiwa wimbo umelipiwa, unapima mwenyewe. Kosa lilikuwa kule kuficha.

Chukua kipimo hicho ukitembee nacho leo uone kinavyouma. Tangu 2020 Spotify ina mpango ambao msanii akikubali, wimbo wake unasukumwa zaidi kwenye mapendekezo, na kampuni inakata asilimia 30 ya mrabaha wa usikilizaji unaotokana na msukumo huo. Hiyo ni ada ya tangazo au ni chai ya mtangazaji aliyevaa suti? Au chukua wale vijana wanaocheza kwenye video fupi kana kwamba wimbo umewapata barabarani ghafla, kumbe wamepewa doo na maelekezo. Sina shida na kuwalipa. Mcheza ngoma naye anakula. Shida ni ile kana kwamba.

Kuna uongo mwingine ambao ni wetu wa Afrika Mashariki kabisa, na nauona mbaya kuliko namba za kununua. Ni kiki. Wimbo unatoka Ijumaa, kwa hivyo Jumanne wapenzi wanatengana hadharani. Mtu anaposti machozi, mwingine anaonekana hospitalini na dripu, mwingine anatangaza ameokoka na kuacha muziki, kisha Ijumaa inafika na sote tunaelewa. Tunacheka, tunasema wametuweza. Algoridhimu inapenda ugomvi na vilio, na msanii aliyejua hivyo anakuwa ameelewa biashara.

Lakini fikiria kinachotumika kutengeneza hiyo kiki. Ni huruma yetu. Huruma ni kama maji ya Nairobi, haitoki kila siku na haitoki kila mtaa. Siku msanii anaugua kweli na nambari ya mchango inazungushwa, maoni ya kwanza chini yake ni nini? "Ngojeni, kuna ngoma inatoka." Mtu yuko kitandani, na watu wanakisia jina la albamu. Aliyepiga kiki mwaka uliopita hakulipa gharama hiyo. Analipa huyu aliye wodini, ambaye pengine hakuwahi kudanganya mtu. Hapa ndipo ninapokataa ule utetezi wa "ni mchezo tu, kila mtu anajua". Kama kila mtu angekuwa anajua, isingefanya kazi.

Najua kuna atakayeniambia wimbo mzuri bado unaweza kupaa wenyewe, na atanitajia Ethic na "Lamba Lolo" ya 2018, vijana wa mtaa waliotoka YouTube na kufungulia mlango gengetone nzima. Au atanitajia "Anguka Nayo" ya Wadagliz. Ulikuwa wimbo wa kucheza, ukasambaa kwa video za watu wakiangukanguka, halafu Juni 2024 vijana waliokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha wakauimba mbele ya polisi, ukawa na maana ambayo hakuna mpango wa matangazo ungeweza kuipanga. Ni kweli. Ila mifano hiyo hainiambii kwamba kizuri hujiuza. Inaniambia kwamba mara moja moja watu hujitolea kubeba, kwa sababu zao wenyewe. Huwezi kumshauri msanii asubiri historia ipite karibu na nyumba yake.

Na sisi tunaosikiliza je? Tunapenda kujiweka kando, kana kwamba huu ni ugomvi wa wasanii na kampuni. Lakini ni sisi tunaoangalia namba kabla ya kuangalia jina. Ni sisi tunaompa mtu sekunde tatu halafu kidole kinasonga. Ukimwambia mtu kwa vitendo kwamba humsikii mpaka awe tayari maarufu, umemfundisha aje na umaarufu wa kukodi. Sisemi kila mtu anastahili sikio langu. Maisha ni mafupi na bando ni ghali. Nasema tu kwamba tunadai ukweli kutoka kwa mtu ambaye tumemlipa mara zote alipotudanganya.

Rudi kwa yule rafiki yangu na laki mbili zake. Miezi michache baadaye alipata shoo Eastlands. Alipofika kwenye kiitikio, akanyoosha maiki kwa umati kama wanavyofanya wakubwa. Waliojua maneno hawakufika ishirini. Hakuvunjika moyo kwa sababu walikuwa wachache. Alichoniambia ni kwamba hakuweza tena kujua kama wimbo ni mbaya, au ni mzuri ila haujafika. Ile namba ilikuwa imemficha jibu yeye mwenyewe. Mia nane wa mwanzo walikuwa wakimwambia kitu, na alikuwa amewazika chini ya watu hewa.

Bado anaposti. Analazimika, na wiki mbili za kunyamaza kwenye programu hizi ni kama kufa. Lakini siku hizi akipanda jukwaani anaacha daftari la kaunta mlangoni, lile jekundu la dukani, na kalamu iliyofungwa uzi. Anayetaka kutumiwa nyimbo anaandika nambari yake kwa mkono wake. Nilimtania kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 itamkuta na daftari lake, akasema sheria inataka ridhaa, na ridhaa si ndiyo hiyo imeandikwa kwa wino? WhatsApp nayo ina mwenye nyumba, anajua. Ikifungwa kesho, daftari liko chini ya kitanda.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na nambari 214. Tukiwa tumekaa, mmoja akamwandikia: usinitumie tena, nimehamia gospo. Akacheka, akamtakia baraka, akachukua kalamu na kumpiga mstari. Wakabaki 213, na akaendelea kuwatumia wimbo mmoja mmoja, kwa majina.