Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Wahenga walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aliyekosekana sinia ilipoandaliwa hadai fungu lake, na aliyekosekana shaurini hana kauli juu ya uamuzi uliopitishwa. Ni kanuni ya haki katika mambo mengi, kwani humlinda aliyejitaabisha kufika dhidi ya yule aliyelala. Hata hivyo, tangu binadamu alipojua kuhifadhi sauti na sura, amezuka mtu ambaye wahenga hawakupata kumfikiria: hakuwapo, ilhali ameona na amesikia, na pengine ameona mengi kuliko waliokuwapo. Mtu huyu aketi upande gani wa baraza? Ana haki ya kusema kuwa tamasha fulani ameliona? Na akiwa nayo, haki hiyo inamdai nini?

Swali hili lafaa kupimwa kwa mfano ulio mbali na mwambao, maana jambo la mbali halina jamaa wa kulipendelea. Mwezi Machi 1985, kundi la Iron Maiden la Uingereza, mojawapo ya makundi yenye sifa kubwa katika muziki wa hevi metali, lilipigwa picha likitumbuiza katika ukumbi wa Long Beach Arena, jimbo la California nchini Marekani. Ziara yenyewe ilikuwa imeanza Poland mwezi Agosti 1984. Kanda ya video iliyotokana na maonyesho hayo, Live After Death, ilitolewa mwaka huohuo wa 1985 ili watu waitazame majumbani mwao, na mwaka 2008 ikatolewa upya kwa DVD. Anayeiweka kanda hiyo leo sebuleni huona jukwaa lililojengwa kwa mfano wa Misri ya mafirauni, moshi, taa kali, na sanamu kubwa la maiti aliyezongwa vitambaa, likiinuka nyuma ya wapigaji huku macho yake yakirusha cheche. Mwimbaji Bruce Dickinson hakai mahali pamoja. Magitaa yanakimbizana, ngoma hazipumui. Aliyelelewa kwa udi, fidla na ganuni huenda asisikie humo ila kelele, na akauliza mpenzi wa mashairi atafuta nini mahali kama pale.

Jibu ni kwamba anatafuta shairi, na shairi limo. Mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge alichapisha mwaka 1798 utungo mrefu juu ya baharia mzee, The Rime of the Ancient Mariner. Steve Harris, mpiga besi wa kundi hilo, aliugeuza utungo huo kuwa wimbo unaopita dakika 13, ukatoka katika albamu ya Powerslave ya mwaka 1984. Katika kanda, Dickinson anautangulizia mzaha wa kihuni juu ya ndege na uchafu wao, maelfu wanacheka, kisha kisa kinaanza. Ni kisa ambacho watu wa bahari hawahitaji kufasiriwa. Baharia anamwua ndege aliyekuwa akiisindikiza meli yao, wala hana sababu ya kumwua. Upepo unakatika. Meli inasimama juu ya maji kama iliyotiwa rangi ukutani, kiu inawatesa, na mwishowe mabaharia wote wanakufa isipokuwa yeye. Halafu, katika upweke huo, anawatazama nyoka wa baharini waking'aa, anawaona kuwa wazuri, na moyo wake unawaombea heri pasi na kukusudia. Hapo ndipo laana inapoanza kulegea. Wimbo unapofika katikati, ngurumo yote inatulia, zikabaki sauti za mbao na kamba za chombo kinacholia polepole. Aliye sebuleni naye huinama kusikiliza.

Lililo muhimu zaidi kwa swali letu ni namna Coleridge alivyoufungua utungo wake. Baharia mzee hasimulii barazani wala msikitini. Anamkamata mgeni aliyealikwa arusini, akamzuia mlangoni. Mgeni anasikia ngoma na shangwe za ndani. Anajua bibi arusi amekwisha kuingia. Anataka kwenda, hawezi. Arusi inampita, na badala yake anapokea habari za safari ambayo hakusafiri. Mwishowe haendi tena arusini; anajirudia kwake, na kulipokucha anaamka akiwa mzito wa moyo na mwenye kuelewa zaidi. Kwa kanuni ya wahenga, mgeni huyu hakuwapo popote: arusini hakufika, na melini hakupanda. Hata hivyo, katika utungo wote hakuna aliyebadilika kuliko yeye, ila baharia mwenyewe.

Wala Coleridge hakuwapo. Alipoutunga utungo huo alikuwa hajasafiri katika bahari kuu. Habari ya ndege aliyeuawa ilitoka katika kitabu cha nahodha George Shelvocke kilichochapishwa mwaka 1726, kinachoeleza jinsi afisa wake mmoja, Hatley, alivyompiga risasi ndege mweusi wa aina ya albatrosi karibu na ncha ya kusini ya Amerika, akimdhania kuwa ni nuksi. Aliyekisoma kitabu hicho na kumpa mwenzake wazo hilo alikuwa mshairi William Wordsworth. Basi Hatley aliua, Shelvocke aliandika, Wordsworth alisoma, Coleridge alitunga, Harris alitia muziki, Dickinson aliimba, mpiga picha alinasa, na mtu mmoja, miongo kadhaa baadaye, akaketi mkekani akatazama. Yuko wapi katika mlolongo huo aliyekuwapo? Ni Hatley na nahodha wake tu, na Hatley ndiye aliyefahamu kidogo kuliko wote maana ya alilolitenda.

Watu waliozoea elimu ya mapokezi hawatashangazwa na jambo hili. Wanajua kuwa habari haipungui thamani kwa kupita mikononi mwa watu wengi, ikiwa kila mkono ni mwaminifu na kila mpokezi anamtaja aliyempa. Kinachoharibu mapokezi ni mtu anayejifanya shahidi ilhali ni msikiaji. Kushuhudia na kupokea ni daraja mbili mbalimbali, na kila moja ina heshima yake. Kosa ni kuivaa kanzu ya mwingine.

Hata visiwani jambo hili si jipya. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa, na sauti yake ikarudi ikiwa ndani ya santuri. Wangapi waliisikia ambao hawakupata kuketi mbele yake? Hawakuitwa waongo kwa kumpenda.

Lakini uadilifu unataka hoja ya upande wa pili nayo isikilizwe, kwa kuwa ina nguvu. Neno hadhira lenyewe latokana na kuhudhuria. Katika ukumbi wa taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akapita mbele ya macho ya watu wote, akamtunza mwimbaji. Mwimbaji humwona, naye huurudia ubeti kwa ajili yake. Hicho ndicho kisichopatikana sebuleni. Mtazamaji wa kanda huona bila ya kuonekana, hupokea bila ya kutoa. Akishangilia, Dickinson hatasikia. Akisinzia, ngoma haitapungua. Waliokuwa Long Beach walisukumana, walitoka jasho, sauti ziliwakauka, na yule aliyekaa safu ya mwisho pengine hakumwona mwimbaji ila kama kidole gumba. Aliye nyumbani huonyeshwa hata tone la jasho kwenye paji la uso. Kwa hiyo kuwapo hakupimwi kwa wingi wa kinachoonekana. Aliyekuwapo ni yule ambaye, lau angekosekana, usiku ule ungepungukiwa na kitu, japo sauti moja katika maelfu.

Fauka ya hayo, kanda si dirisha. Kilichonaswa Long Beach kilinaswa kwa usiku zaidi ya mmoja, kisha mhariri akachagua jicho la kamera litazame wapi na kwa muda gani. Aghalabu anachokiona mtazamaji kama usiku mmoja ni usiku ambao haujapata kutokea. Yapo makubwa kuliko hayo: santuri ya kundi la Judas Priest iliyotolewa mwaka 1979 kuwa ni maonyesho yao ya Japani ilizusha mabishano ya miaka mingi, mpaka mwimbaji Rob Halford akakiri kuwa sauti yake aliirudia studioni. Je, huo ni uongo? Mshairi anayefuta neno usiku na kuandika jingine asubuhi haitwi mwongo. Lakini mshairi haandiki juu ya jalada kwamba shairi lilimtoka lote kwa pumzi moja mbele ya watu. Kosa haliko katika kuirekebisha kazi. Liko katika kuiuza kwa jina la kitu kingine.

Na mtazamaji naye ana la kuulizwa. Mkononi mwake ana rimoti. Anaweza kumkata mwimbaji katikati ya neno, akamrejesha nyuma, akamnyamazisha, akaenda kutia chai. Hana atakayemlaumu, kwani hakuna anayemwona. Kiumbe aliye chini ya uwezo wetu, asiye na njia ya kutudai, ndiye anayetupima tabia zetu kweli. Baharia alimwua ndege kwa sababu aliweza tu. Ni jambo dogo kuzima video. Lakini mazoea ya kupokea kazi za watu kama mtu anayechambua dagaa, hili weka hili tupa, huua kitu ndani ya mwenye kuchambua kabla ya kumdhuru mtunzi.

Vilevile yuko anayehukumu pasi na kutazama kabisa. Wimbo na albamu ya The Number of the Beast, ya mwaka 1982, iliwafanya baadhi ya Wakristo wa Marekani wazichome santuri za kundi hilo hadharani, wakiamini kuwa ni kazi ya shetani. Mtu ana haki ya kuichukia sanamu ile ya maiti, na kuikataa isiingie nyumbani kwake. Lakini anayetaka kuhukumu, sharti kwanza asikilize. Angesikiliza dakika zile 13 angekuta, chini ya moshi na kelele, onyo la kale kwamba anayedharau uhai wa kiumbe kidogo huvuta ukame juu ya chombo kizima.

Methali ya wahenga basi ibaki mahali pake. Asiyekuwapo hana fungu katika jasho la Long Beach, wala asilidai. Anapoulizwa, aseme: nilipokea kwa kanda, si kwa macho yangu. Akishasema hivyo kwa unyofu, hana deni la aibu. Limebaki deni jingine, zito zaidi, ambalo mgeni wa arusi aliondoka nalo: amekwisha kusimuliwa, na aliyesimuliwa hawezi tena kudai kuwa hakujua.