Baba Anataka Kununua Bastola



Barua ninayoijibu safari hii imetoka kwa mume na mke wenye duka kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma. Sehemu kubwa imeandikwa na baba. Anaeleza kwamba wamevamiwa usiku mara mbili, na mara ya pili wezi walimpiga kijana wa dukani hadi akazirai. Sasa yeye, akiwa kichwa cha nyumba, ameamua kuomba cheti cha serikali ili anunue bastola. Anataka bastola kubwa, "si ile ya kuchezea", ila iwe ya bei nafuu, maana ada za shule zinamngoja. Anauliza kama ni dhambi. Chini kabisa ya ukurasa, kwa kalamu nyingine, mama ameongeza mistari mitatu. Anasema mwizi hamwogopi sana. Anaogopa siku ambayo baba atarudi kutoka mjini amekunywa, na ugomvi wao wa wiki iliyopita haujaisha.

Swali la baba lina jibu fupi, kwa hiyo nianze nalo. Kanisa halifundishi kwamba ni dhambi kumiliki silaha kwa halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2263 hadi 2265, inaeleza kwamba mtu ana haki ya kujilinda, na kwamba aliyekabidhiwa uhai wa wengine ana zaidi ya haki, ana wajibu wa kuwalinda. Mafundisho haya yanamfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino. Lakini sharti lake ni zito: nguvu isizidi ile inayohitajika kumzuia mshambuliaji. Anayemwua mtu anayekimbia na mfuko wa sukari hajajilinda. Baba, jiulize kwa unyofu kama saa nane za usiku, ukiwa umeamshwa kwa kishindo na moyo unadunda, utaweza kupima jambo hilo gizani. Askari huzoezwa kwa miezi na bado hukosea.

Sisi wa huku Namoruputh bunduki si habari ngeni kwetu. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Moroto, ng'ambo ya mpaka, liliachwa wazi na Wamatheniko wakajichotea. Tangu hapo bunduki zikawa nyingi nchi hii yote, na bei yake ikahesabiwa kwa ng'ombe kama mahari. Nimekua nikiona vijana wakichunga mbuzi na bunduki begani. Kwa hiyo simwandikii baba huyu kama mtu wa mjini anayeshangaa.

Na nina langu la kuungama. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, uvamizi ulipozidi, niliuza mbuzi saba ili nipate bunduki kupitia kwa dalali mmoja wa mpakani. Sikuwa na kibali chochote, na tayari nilikuwa nafundisha wakatekumeni Amri Kumi. Mke wangu sikumwambia. Nilijiambia kwamba mambo ya ulinzi ni ya wanaume. Alijua asubuhi alipokwenda kukama, akamkosa yule mbuzi ambaye baba yake alimpa mtoto wetu wa kwanza. Dalali naye hakurudi mpaka leo (namshukuru Mungu kwa wizi ule, ingawa wakati huo nilimlaani). Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: hiyo bunduki ingelala upande gani wa kitanda, wake au wangu?

Nilichukua miaka kulielewa swali hilo. Nilidhani ananidhihaki. Kumbe alikuwa akisema kwamba silaha ikiingia ndani, inakaa na kila mtu wa nyumba ile. Hatari ya mwizi huja usiku mmoja kwa mwaka, au isije kabisa, lakini hatari ya silaha iko pale kila siku: mtoto anapotafuta kalamu kwenye droo, shemeji mwenye hasira anapolala sebuleni, baba mwenyewe siku mavuno ya moyo wake ni mabaya. Mimi naweza kukubali kujihatarisha. Siwezi kukubali kwa niaba ya mwenzangu bila kumwuliza, hata kama nia yangu ni kumlinda. Siku ya ndoa kila mmoja wetu alijibu padre kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna aliyejibiwa na mwenzake.

Wengine watasema: je, mke akikataa, kisha majambazi wakaja? Ni swali la haki, wala silikwepi. Namjua mjane mmoja ambaye bado hujilaumu kwa sababu alimkatalia mumewe bunduki. Simwambii kwamba anakosea kuumia. Lakini wako pia wale waliovamiwa kwa sababu ilijulikana wana bunduki, kwa maana kwetu bunduki yenyewe ni mali ya kuibwa kuliko sukari. Hakuna anayeweza kuziweka hesabu hizo mbili kwenye mzani na kutoa jibu la hakika. Ndiyo sababu nasema uamuzi huu usibebwe na mtu mmoja. Ukienda vibaya, walioukubali pamoja wataweza kulia pamoja. Aliyeamua peke yake atakuwa na maiti na lawama.

Sasa kuhusu bei nafuu. Mimi si fundi wa bastola. Niliyoyajua niliambiwa na askari mmoja wa akiba, mtu mwenye subira, jioni moja nje ya kanisa. Bastola kubwa, alisema, kama zile Ceska tunazosoma magazetini au Glock 17 inayobeba risasi kumi na saba, ni rahisi zaidi kuilenga. Uzito wake humeza mrusho, na mtutu mrefu husaidia jicho. Kwa hiyo baba hajakosea kutaka kubwa. Ila uzito huohuo ndio unaoichosha nyonga. Mtu huivaa wiki mbili, kisha joto la Turkana linamshinda, naye huanza kuiacha nyumbani, juu ya kabati au chini ya mto. Bastola aliyoinunua ili imlinde dukani inabaki na mama na watoto. Basi hata ukubwa wa bastola ni jambo la kuzungumzwa na mke.

Na bei ya dukani ndiyo ndogo kuliko zote. Kuna sefu ya chuma ya kuifungia, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye cheti aiweke salama. Kuna risasi za mazoezi, na asiyefanya mazoezi heri asinunue. Kuna safari za cheti, ambacho huhuishwa kila mwaka, na tangu mwishoni mwa 2018 serikali ilipoamuru wenye silaha wote wahakikiwe upya, mlango umekuwa mwembamba zaidi. Baba, andika hayo yote kwenye karatasi moja na ada za shule. Mpe mama karatasi aisome kwanza yeye.

Mama, nawe nina neno kwako. Kukataa hakutoshi. Kijana wenu alipigwa, na hofu ya mumeo si ya kubuni. Ukisema hapana, uwe tayari kutafuta naye njia nyingine: mlango wa chuma, mbwa, taa ya sola uani, kulala kwa zamu na majirani wenye maduka. Pesa zisilale dukani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mwenye duka hana haja ya kufungia mauzo ya wiki ndani ya debe, na wezi wa kwetu wanajua vizuri sana ni duka gani bado lina debe.

Mwaka 1973, huko Lokiriama, si mbali na hapa kwetu, wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko walizika silaha ardhini na kuapa kutoshambuliana. Kila mwaka bado watu wa pande zote mbili hukusanyika pale kuukumbuka mkataba ule. Miaka sita tu baadaye ghala la Moroto lilifunguliwa, na jirani zetu wale wakawa na bunduki kutushinda. Kwa jumla mkataba ukadumu. Ninalitaja kwa sababu baba ameandika kwamba maneno hayazuii risasi. Huku kwetu yalizuia nyingi, ingawa wazee walizungumza muda mrefu kabla ya kuchimba shimo lile.

Limebaki lile la mistari mitatu. Baba, nimejaribu kuandika kwa upole lakini sipati njia ya kulizunguka. Mkeo amekuambia, kupitia kwangu, kwamba anakuogopa kuliko mwizi. Kabla ya kwenda kituo cha polisi kuulizia fomu, ketini wawili, bila watoto, wala wewe usiwe umekunywa. Mwulize ni siku gani hofu hiyo ilianza. Usijitetee. Msikilize mpaka amalize, hata kama ni mambo ya miaka kumi iliyopita. Ikiwa pombe ndiyo chanzo, nenda kwa padre wenu wiki hii, na mkae mwaka mzima bila kulitaja tena jambo la bastola. Baada ya hapo, kama wote wawili mtaona inafaa, ufunguo wa sefu ukae kwa mama. Kama neno hilo la mwisho limekuudhi, liangalie vizuri kwa nini limekuudhi.

Kisha niandikieni tena. Safari hii mama aanze, juu ya ukurasa, nawe baba uandike patakapobaki nafasi.